Kinanda Kilichokosa Sauti Moja

Nisameheni mwandiko na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole.

Harufu ya chuma kilicholoa mate ndiyo inayonirudisha kwenye kipupwe kile, mwaka wetu wa kwanza katika kijiji cha Ujamaa, upepo wa Ufipa ukipasua midomo na ulezi mpya ukinukia kila uani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, msichana mwenye haya hata shikamoo yangu wazee hawakuisikia. Lakini nilikuwa na kinanda cha mdomo, alichokileta marehemu baba kutoka migodini Zambia. Sauti yake moja ya katikati ilikuwa imekufa. Mjomba Deo, aliyepiga gitaa la nyuzi za breki za baiskeli, alizilegeza nyuzi zote zifuate kinanda changu, na kila nilipofika penye pengo, dole gumba lake liliigonga sauti ile kwa niaba yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulipiga taratibu wimbo wa kuyalilia mahame yetu, na wanawake waliokuwa wakitwanga wakapunguza mwendo wa michi.

Ilipotangazwa kuwa wageni watakuja kutoka wilayani, mwenyekiti wa kijiji alifika na mwanawe mkubwa, ameshika kinanda kipya.

"Ndugu Deo, utapiga na huyu. Mtoto wa kike kutafuna chuma mbele ya wageni ni aibu."

"Basi akatafute na gitaa," Mjomba akajibu bila kuinua macho. "Hili limeshazoea pengo la mpwa wangu."

"Huyu mpwa wako hata salamu hawezi!"

Nikasema, na safari hii nikasikika: "Shikamoo, mzee. Nitapiga mimi."

Tukafutwa kwenye ratiba. Siku ya wageni tulikaa kando ya njia, juu ya magunia ya mahindi, tukapiga walipokuwa wakipita. Mwenyekiti alikohoa mara tatu, sikuacha. Mjomba alipewa adhabu ya wiki nzima ya kung'oa visiki katika shamba la kijiji. Nilikwenda kung'oa naye.

Sasa naishi Chanji, mjini Sumbawanga. Redio zinatoa bendi zenye magitaa ya umeme, na vijana hunicheka: "Dada, hiyo ya kizamani!" Huenda. Lakini katika bendi hizo sijamsikia bado anayemngoja mwenzake. Jioni naweka kiti mlangoni, si nyuma ya mlango, nami napuliza.

Nanyi mnaopiga wawili wawili, niandikieni. Nitajibu, hata nikichelewa. Na kama nyumbani kwenu yupo binti anayekatazwa, mpeni karatasi aandike yeye mwenyewe.