Mtani Wangu na Mkono wa Baba

Mwalimu wetu wa mitambo, pale chuo cha ufundi Tanga, hakuamini kwamba fundi hufundishwa kwa nati na bolti peke yake. Mara kwa mara alisukuma meza ukutani akatufanya tuigize: huyu meneja wa shamba, huyu nyapara, huyu kibarua. "Mtakabidhiwa mashine zinazokula watu," alisema. "Jueni kwanza anayeliwa ana haki gani."

Siku hiyo kesi ilikuwa ya kibarua aliyekatwa mkono na korona, mashine ya kusaga mkonge kutoa nyuzi. Mimi nikapewa kuwa fundi mkuu, aliyeondoa kinga ya mashine ili kazi iende mbio. Mwalimu hakujua kwamba baba yangu mzazi, kibarua wa mkonge, alikuwa kwenye kambi ya shamba, mkono wa kulia umeishia kwenye kiwiko, akingoja kuitwa na wakubwa wa shamba. Wakiamua alizembea, tungefukuzwa kambini sote. Nilimchukia mwalimu yule, lakini nikaenda kusimama mahali pa fundi mkuu.

Aliyejua ni rafiki yangu Mnyamwezi, naye ndiye aliyepewa kuwa kibarua. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hata msibani huvaa nguo za marehemu akamwigiza, watu wakacheka. Akaficha mkono ndani ya shati, akasimama kama baba, bega limeshuka. Akasema kweli tupu: kinga iliondolewa, akamwambia nyapara, nyapara akamjibu alishe mashine au aende zake.

Darasa likaangua kicheko. Maneno ya mtani nani huyashika? Alivyozidi kuapa, ndivyo walivyozidi kushika mbavu.

"Jamani, sitanii!" akapiga kelele, na hapo wengine wakatokwa na machozi kwa kucheka.

Mwalimu akaitisha kura ya kuinua mikono. Karibu wote waliamua kibarua alizembea.

Juma lililofuata wakubwa wa shamba nao waliamua hivyohivyo, wala hapakuwa na aliyecheka.

Mtani wangu alikuja kutusaidia kuhama. Baba, aliyezoea kutukanwa naye kwa utani tangu mlangoni, alimngoja aanze. "We Mnyamwezi, leo huna la kunambia? Mkono wangu umekuziba mdomo?"

"Shikamoo, baba," akajibu, akainama kushika kitanda.

Ndipo baba akalia, yeye ambaye hata hospitali hakulia.