Gari Tusiloliulizia

Nilipomaliza chuo cha ualimu na kurudi nyumbani, katika vilima vilivyo juu ya barabara ya Ravine, nilikuta watu wetu wakingojea vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaja. Kimoja kilikuwa gari. Cha pili kilikuwa mtoto wa dada yangu.

Vyote viwili vilitokana na msiba mmoja. Nikiwa bado chuoni, wakati wa masika, dada alishikwa na uchungu, na mtoto akawa amekaa vibaya tumboni. Wanaume walimlaza juu ya machela ya fito na ngozi, wakateremka naye kwenye kijia chenye utelezi, na walipofika barabara kuu lori la maziwa liendalo Nakuru lilikuwa limekwisha kupita. Dada alipona. Mtoto hakupona. Alizikwa bila jina, na kwa kuwa hakuwa na jina watu hawakujua wamlilie vipi. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa, ambaye ndiye aliyeshika machela upande wa kichwani, alisimama mbele ya waumini akasema kwamba hatambeba tena mwanamke kwa namna ile. Ndipo kanisa lilipoanza kuweka akiba ya maziwa, asali na mbuzi, hata likaagiza pikapu mpya katika duka la magari mjini.

Gari kuukuu walilikataa katakata. Majirani wa kilima cha pili walikuwa wamenunua lori lililotumika, nalo likawafikisha nyumbani mara moja tu. Mimi nilipoliona, kuku walikuwa wakitaga chini ya usukani. Kwa hiyo liwe jipya. Dukani waliambiwa kwamba gari jipya hutoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa treni hadi Nakuru, na kwamba walioagiza ni wengi, hivyo wawe na subira. Wazee walijibu kwamba kama ni subira, hapo mwenye duka amepata watu wenyewe.

Niliporudi, agizo lilikuwa limekaa karibu mwaka mzima, na dada alikuwa mjamzito tena. Kila mtu kilimani alijua kwamba gari na mimba vinakimbizana. Hakuna aliyesema neno.

Kwetu, kitu ambacho hakijafika hakiandaliwi. Mwenye mimba hashonewi nguo za mtoto, wala ng'ombe aliye karibu kuzaa hatafutiwi kibuyu kipya. “Asiyefika haitwi,” wazee husema, kwa maana ukimwita mapema husikia pia wale wasiomtakia mema. Dada alijifunika shuka pana na kuzungumza habari za mahindi. Mlinzi mkuu wa mwiko huo alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyozoea kuamrisha ng'ombe. Nilipomletea dada nyuzi za sufu, nikidhani atamfumia mtoto kofia, mama yule alizipokea kabla dada hajanyoosha mkono, akazifungia sandukuni mwake, akanishukuru kwa moyo mweupe kwamba nimemkumbuka na baridi yake.

Jumapili moja baada ya ibada nilimwuliza mzee wa kanisa duka linasema nini.

“Linasema nini juu ya nini?”

“Juu ya gari, mzee.”

Alitazama pembeni, kama kwamba msichana mdogo ametaja mambo ya uzazi mbele ya wanaume. Kisha akanieleza kwa upole kwamba tangu siku ya kuagiza hakuna mtu wetu aliyerudi dukani. Hata walipokwenda sokoni Nakuru walipitia upande wa pili wa barabara, ili gari lisione kwamba linasukumwa. Aliyasema hayo kwa fahari ya mtu ambaye watu wake wamejiheshimu. Miaka ya chuoni nilikuwa nimewaona watu wa mjini wakipata haki zao kwa kurudi mlango uleule mara kwa mara, na sikuwa nimemwona hata mmoja aliyeipata kwa kupitia upande wa pili wa barabara. Nilimwomba twende pamoja. Alikubali, kwa kuwa mzungu wa duka huzungumza Kiingereza na lazima awepo wa kukisikiliza.

Kilikuwa kiangazi kikali. Ziwa lilikuwa limenywea, na upepo ulibeba vumbi jeupe la magadi hadi katikati ya mji, likatua juu ya mijakaranda na juu ya kioo kikubwa cha duka. Nyuma ya kioo hicho lilisimama gari la maonyesho, safi kama kikombe ambacho hakijanywewa chai. Mzee alivua kofia kabla ya kuingia.

Karani, kijana wa Kihindi mwenye kalamu sikioni, alimkumbuka mara moja, na badala ya kufurahi akaonekana kuchanganyikiwa.

“Mzee, nyinyi bado mnataka gari? Sisi tulifikiri mmeacha.”

“Mtu anaacha vipi kitu alichoagiza?”

“Wengine wanakuja kila wiki. Wanapiga simu, wanagombana na mimi. Nyinyi kimya tu. Gari yenu ilifika, mzee. Bwana mkubwa akasema hawa watu wamechoka, akampa mzungu mmoja, mkulima wa Dundori, aliyekuwa nyuma yenu.”

Mzee aliuliza kama lilifika pale pale, likaingia kwa mlango ule. Karani akasema ndiyo, lilikuwa la kijani. Mzee aliugeukia mlango akautazama kwa muda mrefu.

“Kijana,” alisema hatimaye, “kwetu mtu hamuulizi ng'ombe atazaa lini.”

“Lakini hapa kwetu, mzee, ng'ombe ya mtu asiyeuliza inazalia kwa jirani.”

Niliingia kwa msimamizi wa duka. Mzungu yule hakuwa mkali. Aliomba radhi na kuturudisha karibu na mwanzo wa foleni, ingawa karibu na mwanzo si mwanzo. Njiani kurudi nilijiuliza kama ukimya wa mkulima wa Dundori nao ungehesabiwa kuwa ni uchovu. Nadhani jibu nilikuwa nalo. Hata hivyo sikutaka hasira ichukue nafasi ya kazi, kwa maana dada alikuwa amebakiza miezi michache, na hasira haiwezi kumfikisha mtu hospitali.

Wazee waliitisha mkutano kanisani. Wapo waliotaka agizo lifutwe. Wapo waliosema wazi kwamba gari limepotea kwa sababu kuna mtu aliyelitaja, na kuna mtu aliyeleta nyuzi za sufu, na macho yao yakanipata nilipoketi. Nilisimama nikaeleza nilichokiona dukani, kwa maneno mengi na mazuri kama tulivyofundishwa, na nilipoketi hakuna uso uliokuwa umebadilika.

Ndipo mama mkwe wa dada alipoinuka. Nilijiandaa kwa lawama.

“Mvua haijafika,” alisema, “na kila Jumapili mnapiga magoti hapa mnaiita kwa jina. Nani amesema tunaifukuza?”

Mzee mmoja akajibu kwamba mvua inaombwa kwa Mungu, hilo ni jambo lingine.

“Na gari ni la nani? Kama ni la shetani, mbuzi wangu alitoka kwenda kufanya nini?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe, akaukaza ukingo wa shuka begani.

“Yule wa kwanza nilimnyamazia,” alisema. “Nilinyamaza vizuri, sikukosea hata mahali pamoja. Sasa niambieni yuko wapi.”

Mzee wa kanisa aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba yeye atakwenda Nakuru Jumamosi.

Hivyo ndivyo zamu zilivyoanza. Kila Jumamosi mzee mmoja aliteremka hadi barabara kuu, akapanda basi, akaenda kuketi katika duka la magari. Kila mmoja aliuliza kwa tabia yake. Mmoja alimpelekea karani kibuyu cha maziwa ya mkaa, yaani maziwa ya mgando yenye unga wa mkaa, na karani, baada ya kukitazama kwa hofu wiki nzima, akayaonja na kuanza kuuliza yatakuja tena lini. Mwingine alikataa kuondoka mpaka afunguliwe mlango wa gari la maonyesho. Akajilaza kwenye kiti, akatangaza kwamba mwanamke mwenye uchungu anatosha akikunja magoti. Msimamizi alilalamika kuhusu vumbi la miguu. Karani akamwambia, kama tulivyosimuliwa, kwamba hawa sasa ndio wateja wasiosahaulika. Kila Jumamosi jioni jibu lilipanda kilima: meli haijatia nanga, meli imetia nanga, lakini mzigo ni wa wengine, bado.

Na kwa kuwa kuuliza kulikuwa kumeruhusiwa, kuandaa nako kukaruhusiwa taratibu, bila mtu kutoa amri. Siku moja mzee wa kanisa alitokea na jembe pale kijia kinapopinda, mahali palepale machela ilipoteleza, akaanza kupasua ukingo. Hakueleza anafanya nini. Kesho yake walikuwa watano, na kabla ya juma kwisha wanawake walikuwa wakibeba mawe na wanafunzi wangu wakisawazisha udongo baada ya masomo. Njia ilikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya gari ambalo huenda wakati ule bado lilikuwa mabati katika nchi ya mbali. Nimesoma mengi juu ya tumaini, lakini mpaka leo nikilifikiria naona udongo ule mwekundu.

Ilikuwa kwenye kazi hiyo, tukipumzika kando ya rundo la mawe, dada aliponiuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa siku nyingi.

“Kama gari linaweza kuulizwa,” alisema, “je, mimi siwezi kuulizwa?”

Nilifahamu anachotaka. Katika hospitali ya Nakuru kulikuwa na kliniki ambako wauguzi waliwapima wajawazito kabla ya siku zao, na mwanamke wa kilimani kwetu hakuwa ameenda huko kamwe, kwa kuwa kupimwa ni kulipapasa lisilofika. Nilitaka kumwendea mama mkwe wake mara moja nimtetee. Dada alinizuia. Alikwenda mwenyewe, jioni hiyohiyo, na mimi nikabaki mlangoni. Maneno sikuyasikia. Nilichosikia ni kufuli ya sanduku ikifunguliwa, kisha dada akatoka na nyuzi za sufu mikononi.

Jumamosi iliyofuata aliongozana na mzee wa zamu. Muuguzi alimpima akamwambia kwamba mtoto amekaa vibaya tena, na kwamba safari hii asingojee uchungu akiwa kilimani; siku zikikaribia, ahamie mjini. Mpwa wa mama mkwe wake alifanya kazi ya reli na aliishi na mkewe katika nyumba za wafanyakazi karibu na stesheni. Wakakubali kumpokea.

Siku zilikaribia, na gari halikuja. Lakini njia ilikuwa imepanuka kiasi cha kupitisha mkokoteni wa ng'ombe, jambo ambalo halijawahi kuonekana kilimani kwetu. Dada aliteremka akiwa ameketi juu ya majani makavu, huku mzee wa kanisa akitangulia kwa miguu, akiokota kila kokoto na kulitupa kando kama kwamba anapitishwa askofu. Walipofika mahali pa kupinda, dada aliomba wasimame kidogo. Walisimama. Kisha akasema twende.

Baada ya hapo tulingoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kote. Mvua zilianza. Njia mpya ililowa lakini haikubomoka. Jumamosi zamu ilipomfikia tena mzee wa kanisa, alikwenda na mzigo wa maswali mawili, na sisi tukashinda njiani tukichimba mtaro wa maji, ingawa siku ile mtaro ungeweza kungoja.

Alirudi jua likiwa bado juu ya kilima. Tulimwona akipanda polepole, mwavuli begani, na kwa mazoea ya vizazi vyetu hakuna aliyekwenda kumlaki. Kila mtu aliinama na kushughulika na jembe lake. Alipotukaribia akasimama, akafuta matope viatuni kwa kijiti.

“Karani anawasalimu,” alianza. “Anasema meli ya mwezi huu imefika Mombasa, na kwamba...”

“Meli sikukuuliza,” mama mkwe wa dada alisema. Alikuwa amesimama wima ndani ya mtaro, matope hadi magotini. “Nakuuliza mtoto. Mtoto amefika?”

Alilisema neno hilo kwa sauti, mchana, mbele ya wanaume.

“Amefika,” mzee akajibu. “Msichana. Alitaka kutanguliza miguu, daktari akamkatalia. Sauti anayo kama yako.”

“Na mama yake?”

“Nimemwacha anakula uji wa pili.”

Mama yule alikaa kwenye ukingo wa mtaro. Akayafunika macho kwa viganja vyenye udongo, na wanawake wakaanza vigelegele kutoka juu ya njia mpaka chini. Viliponyamaza, mzee aliyepeleka kibuyu akauliza, kwa haya kidogo, gari je.

“Bado,” mzee wa kanisa alisema.

Mama mkwe wa dada aliondoa mikono usoni. Alikuwa amebaki na michirizi miwili myekundu mashavuni, na sauti yake ilikuwa imerudi.

“Basi Jumamosi ijayo zamu ni yangu,” alisema. “Nitamwona mtoto kwanza, kisha huyo karani aniambie mimi hiyo bado yake.”