Isidoro na Mahali pa Kwenda Novemba

Shemeji yangu Isidoro ni mtu asiyejua kukaa. Tangu Pasaka mpaka mwisho wa Oktoba anatandika vitanda, anazibua masinki, anabeba masanduku ya watu kutoka bandarini, na ukimwambia apumzike anakuangalia kama mtu aliyetukanwa. Ana vyumba vya wageni juu ya bandari ya kisiwa chetu cha Paros. Baba yake ndiye aliyevijenga, na siku alipomwoa dada yangu vikapewa jina lake: Vyumba vya Maruso. Ni visafi. Hata mimi, ambaye sina tabia ya kumsifu, hilo nalikubali.

Wageni wakishaondoka na upepo wa kaskazini ukianza kugonga madirisha, tunafunga maji, tunasimamisha magodoro ukutani, halafu na sisi tunakwenda kutembea. Mwenye mkahawa anakwenda, mwokaji anakwenda, padri naye anapata udhuru wa kwenda. Kwa dada yangu, ambako nimehesabiwa mtu wa nyumbani tangu nifiwe na mume wangu, safari huchaguliwa jioni ile ile chumba cha mwisho kinapofungwa. Maruso anatoa dengu tanurini, Isidoro anatandaza ramani mezani. Tunachotaka ni kidogo tu: mahali pasipo na bahari, penye moto wa kuni, na kitanda atandike mtu mwingine.

Lakini kwa miaka kadhaa sasa ule haukuwa uchaguzi, ilikuwa vita. Na vita yenyewe ilikuwa juu ya Thekla.

Thekla ni mtoto wao wa pekee. Aliondoka katikati ya Agosti, nyumba imejaa mpaka kochi la sebuleni lina mtu, akamfuata kijana wa bara aitwaye Traiano aliyekuja kuhudumu mkahawani msimu ule. Isidoro aliwafuata mpaka gatini. Hakumzungumzia kijana wala ndoa. Alisema mbele ya watu wote, "Mtu haondoki nyumba ikiwa imejaa."

Thekla akamjibu, "Nyumba yako imejaa tangu nizaliwe, baba." Akapanda meli.

Isidoro aliapa pale pale kwamba hatalala chini ya paa la binti huyo. Na yule binti, baada ya kuvikimbia vitanda vyetu, alikwenda kwa kina Traiano, kijiji cha mawe milimani karibu na ziwa Prespa, kaskazini kabisa, na unadhani alifungua nini? Vyumba vya wageni. Damu haijifichi. Ubaya ni kwamba kule watu wanakwenda kufuata majani mekundu na theluji, kwa hiyo sisi tukipumzika yeye yuko kazini, na yeye akipumzika sisi hatuna hata nafasi ya kuketi tukala. Mama na mwanawe wakawa wanaonana kwenye simu.

Basi kila Novemba Maruso alikuwa anaikaribia Prespa kwenye ramani kwa ncha ya kidole.

"Edesa kuna maporomoko ya maji," alisema mwaka mmoja. "Wanasema sasa hivi hakuna msongamano."

"Mbali," alisema Isidoro.

Mwaka uliofuata: "Kastoria je? Mji mzuri, wana ziwa."

"Kuna ukungu."

"Na Nimfeo? Kuna dubu wanaotunzwa msituni."

"Dubu nikawafanyie nini mimi, niwatandikie?"

Tukaenda Nafplio, bahari ile ile, ili mradi ni mbali na Prespa. Tukaenda Karpenisi, tukaenda Pilio tukala njugu za kuchoma chini ya miti iliyogeuka rangi ya dhahabu. Palikuwa pazuri, sina la kulalamika. Maruso alikula, akashukuru, akasifu supu. Usiku nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, anasubiri Thekla amalize kuwahudumia watu chakula ili waongee kidogo. Nilimchukia Isidoro usiku ule, nasema wazi. Nilimchukia huku anakoroma.

Mwaka huu alitandaza ramani akiwa amejiandaa. Alikunja na mikono ya shati.

"Haya, mke wangu, sema. Leo umeniletea ziwa gani?"

Maruso hakuitazama hata ramani. "Chagueni nyie wawili. Mimi nitabaki."

"Utabaki wapi?"

"Hapa. Nina mapazia ya kushona."

"Mapazia yana nini?"

"Isidoro," alisema, wala hakupandisha sauti, "nimechoka kupelekwa mahali pazuri."

Akakusanya sahani akaingia jikoni. Sisi tukabaki tunaangalia dengu. Majira yale ya joto alikuwa amekonda, daktari akapima hiki na kile asione kitu, na nilijua kwamba hata zile simu za usiku zilikuwa zimepungua. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia anachosikia kwenye simu ni vyombo tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu anayegombana bado anataka. Dada yangu alikuwa ameacha kutaka.

Mwokaji akaondoka, mwenye mkahawa akaondoka, mtaa ukabaki na paka. Isidoro alipaka rangi madirisha ambayo hayakuhitaji rangi. Asubuhi moja akaja kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji, una namba ya kule?"

"Kule wapi?"

"Usinifanyie hivyo, Anezina."

"Taja jina. Halitakuunguza mdomo."

Akaizungusha kofia. "Kwa Thekla." Sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake tangu ile siku ya gatini. "Muulize kama ana nafasi. Siku tatu. Tutalipa sawa na watu wote, sitaki kukaribishwa."

"Mtu na mwanawe, mnalipana?"

"Mgeni aliyelipa hafukuzwi," alisema.

Miaka yote nilidhani ni kiburi. Kiburi kilikuwepo, cha kutosha, lakini pale mlangoni niliona kwamba mzee yule alikuwa anaogopa. Nilimwambia akae anywe kahawa. Hakukaa, bila shaka.

Thekla alipokea simu huku maji yanamwagika kwenye sinki. "Mama mkubwa? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Nataka vyumba viwili, Ijumaa mpaka Jumatatu."

Bomba likafungwa. "Chumba cha pili cha nani?"

"Cha watu wawili."

"Ameomba radhi?"

"Ameomba chumba."

"Basi mwambie nafasi ipo," alisema, na sauti ilikuwa ya Isidoro mtupu. "Mteja yeyote akipiga simu, nafasi ikiwepo namwambia ipo."

Niliweka simu nikatamani kuwagonganisha vichwa vyao.

Maruso hakufurahi kama nilivyotarajia. Alifunga tini kwenye majani, akajaza chupa ya kepa, vile vitumba vya maua tunavyovitia chumvi, akapanga, akapangua. Kwenye meli aliniuliza, "Dada, Isidoro ataingia ndani kweli?" Barabarani, wakati Isidoro ameteremka kununua petroli, akaniuliza tena. Tulipopita Florina, pilipili nyekundu zimetundikwa kwenye kuta za nyumba, alikuwa ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili. "Atafika getini arudi," aliniambia. "Namjua. Atatuacha na masanduku arudi."

Hakurudi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa, na Thekla alikuwa amesimama mlangoni na aproni. Alimkumbatia mama yake, na sisi tukasimama kwenye baridi muda mrefu tukingoja wamalize. Kisha akamgeukia baba yake.

"Karibu. Mmesafiri salama?"

"Salama."

Akaleta sinia: maji, na kijiko cha tunda lililopikwa kwa sukari kwa kila mtu, jinsi mgeni anavyopokelewa popote kwetu. Isidoro alikula lake amesimama. Halafu Thekla akanyoosha mkono.

"Naomba kitambulisho."

Alikitoa. Akampa binti yake kitambulisho, na yule binti akaandika daftarini jina la ukoo ambalo ni lake pia, taratibu, kama hajawahi kulisikia. Maruso aliangalia pembeni.

Ijumaa hiyo na kesho yake asubuhi ilikuwa mateso. Maruso aliishi jikoni, anamenya pilipili karibu na mwanawe, na rangi ilikuwa imeanza kumrudi usoni. Hilo tu ndilo lililonizuia kuomba tuondoke. Isidoro aliketi karibu na moto mikono magotini. Traiano, kijana mpole, alimmiminia pombe ya zabibu.

"Mzee, usingizi ulikuwa mzuri?"

"Mzuri. Bomba la chumba chetu linavuja."

"Nitalitazama, mzee."

"Ni mpira tu umekwisha. Ukinipa spana..."

"Traiano atalitengeneza," alisema Thekla kutoka jikoni.

"Ni kazi ya dakika."

"Wewe ni mgeni hapa. Wageni hukaa."

Akakaa. Sijawahi kuona mtu anakaa kwa shida namna ile.

Jumamosi mchana nyumba ikajaa. Walikuja watu wa Thesalonike magari matatu, na wawindaji, na mke na mume wenye mtoto mchanga. Mama anayemsaidia Thekla vyumbani alikuwa amefiwa na mkwewe kijiji cha pili, hakuweza kuja, na Traiano alibanwa na kuni na mizigo ya wageni. Thekla alipanda na kushuka ngazi na shuka mabegani, nywele zimemwagika, na mimi na Isidoro tulikuwa tunaitazama Agosti yetu wenyewe ikipita mbele ya macho. Mara mbili Isidoro alinyanyuka. Mara mbili alitazama jikoni, akakaa tena. Nilipokwenda kumsaidia Thekla kuosha vyombo hakunikatalia. Isidoro aliona hivyo, akainamisha kichwa.

Jumapili alfajiri akasema tuondoke.

"Tumelipia mpaka kesho," nilimwambia.

"Kitanda kimoja kikiwa wazi kitamfaa. Na mimi hapa namziba njia tu."

Maruso hakubisha. Hilo ndilo lililonichoma. Alivaa koti, akaenda kuketi kwenye gari na mkoba mapajani, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya ramani. Nilimwona nikajua kwamba tukishuka mlima ule asubuhi ile hatutampandisha tena.

Isidoro alikuwa hajashuka. Nilipanda kumwita, nikamkuta chumbani kwao ametandua kitanda. Ndivyo tunavyofanya watu wa kazi hii tukilala kwa watu: foronya ndani ya foronya, shuka chafu zimefungwa kwa pembe zake nne kuwa mzigo mmoja, taulo juu. Bomba lilikuwa limeacha kuvuja. Sikuuliza spana aliipata wapi.

Nyuma yangu Thekla alisimama na ndoo. Aliutazama ule mzigo wa shuka. Yeye alifundishwa kuufunga hivyo kabla hajajua kusoma.

"Nani kakwambia utandue?"

Isidoro alichukua koti lake, akalivaa mkono mmoja, akasimama. Kule chini mtoto wa wageni alikuwa analia na mtu anagonga kengele ya mapokezi.

"Mtu haondoki nyumba ikiwa imejaa," alisema.

Nilifumba macho. Maneno yale yale ya gatini, baada ya miaka yote. Ndoo iligonga sakafu na maji yakarukia viatu vyangu.

"Umekuja mpaka huku," alisema Thekla, "umekuja mpaka nyumbani kwangu kunirudishia hilo?"

"Sikusemi wewe." Isidoro aliushika mkono wa koti uliokuwa unaning'inia. "Najisema mimi. Mimi ndiye nina koti mkononi. Siwezi, Thekla. Imejaa, uko peke yako vyumbani, siwezi kuondoka. Nipe kazi. Ukitaka nitoze na ya leo, lakini nipe kazi."

Kengele ikagongwa tena. Thekla alijifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Chumba cha mwisho kule, na kile cha pembeni yake," alisema. "Shuka safi ziko kabatini. Vua koti."

Nilishuka ngazi mbio, mimi na magoti yangu haya. Maruso aliteremsha kioo cha gari.

"Anakuja?"

"Anatandika," nilimwambia.

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa alijaribu kufungua mlango wa gari akashindwa, vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, nikamfungulia mimi. Alipita karibu yangu akaingia jikoni, na nilipofika alikuwa ameshafunga aproni ya Thekla na anakatia mkate wageni asiowajua.

Hawakuombana radhi, mpaka leo hawajaombana, na kuna siku nadhani hawatafanya hivyo kabisa. Nilichokiona ni hiki. Nilipeleka kahawa juu, nikawakuta wanakunja blanketi kubwa la sufu, kila mmoja ameshika pembe mbili. Wanavuta, wanakaribiana, mikono inagusana, mmoja anampa mwenzake pembe zake, anarudi nyuma.

"Mama amekonda," alisema Thekla.

"Najua."

"Mngekuja mapema."

"Najua." Akavuta. "Agosti uje wewe."

"Agosti ijayo barabara itakuwa imefunguliwa mpaka ziwani, baba. Watu wameshaweka nafasi. Nimejaa."

Isidoro alisimama na blanketi kifuani. Niliona anavyolimeza jibu hilo, na lilikuwa kubwa.

"Basi usiondoke," alisema.