Kibwagizo cha Harusi ya Temple Hills

Harusi ya dada yangu mdogo ilikaribia, na mama yetu alikuwa amenyimwa viza. Dada akanililia kwenye simu yangu ya kukunja kwamba ataolewa huku ughaibuni, Temple Hills, mbele ya viti vitupu, bila mtu wa kumwimbia. Kwa kiherehere changu cha kifungua mimba, nikamwahidi shairi. Shuleni kwetu bara nilikuwa fundi: hesabu mizani, pigia vina mstari, taja bahari, subiri alama. Kuimba shairi sikuwahi hata siku moja.

Nililiandika wiki nzima kwenye treni, nikihesabu silabi kwa vidole mpaka abiria mmoja akahama kiti. Kila mstari kumi na sita. Kibwagizo, ule mstari ambao ukumbi wote ungeurudia kila ubeti, niliuona ndio kiboko yao: "Tazama dadangu, leo wageni wajaa tele."

Nikampelekea mama mmoja wa Unguja, mpishi wa makao ya wazee nilikofanya kazi. Hakuhesabu kitu. Alifuta mikono, akaanza kuimba, na kwenye kibwagizo sauti ikakwama. Akarudia, ikakwama tena.

"Mwanangu, pumzi naivuta wapi hapa?"

"Lakini mama, nimekaunti! Ni sixteen kabisa!"

"Kumi na sita ndiyo, lakini umeweka sita huku na kumi kule. Mstari wachechemea huu. Watu watakuachia uimbe peke yako, bwana harusi akuonee huruma."

Nilikasirika, nakiri. Mpishi anisahihishe mimi? Nikauimba kwa hasira ili nimwonyeshe, nikakwama palepale, tukacheka hadi sufuria ikafurika. Kisha nikaichukua "leo" nikaitanguliza: "Leo tazama dadangu, wageni wajaa tele." Nane na nane. Sauti ikateleza yenyewe.

Jumamosi ya harusi nilisimama nikaanza. Ubeti wa kwanza, yule mama wa Unguja, aliyekuja na wenzetu wa kazini, alinijibu peke yake. Wa pili, manesi wa Kenya wakadaka. Wa tatu, hata Wakongo wa meza ya nyuma, waliokuwa wakiulizia chakula, walisimama wakaimba. Nilijawa na furaha hadi nikasahau ubeti wa nne.

Dada aligeuka akatazama, kama mstari ulivyomwambia. Kiti kitupu hakikuwepo.

"Kaka, rudia!" akapaza sauti, mashavu yamelowa, anacheka.

Beti zilikuwa zimeniishia, basi tukarudia kibwagizo tu.