Zamu ya Kwenda Muyinga

Programu ile niliiandika mimi, na kwa miezi michache niliipenda. Mafuta yalikuwa yameadimika, watu wa Gitega wanalala ndani ya magari yao kwenye foleni, na wenye vituo wakaiomba ofisi yetu itengeneze kitu. Nikatengeneza. Mtu anaandikisha gari lake kwa simu, anapewa namba, anarudi nyumbani, na lori la mafuta likifika anaitwa kwa ujumbe. Aliyetangulia kuandikisha anatangulia kujaza, basi. Sikuwahi kuandika kitu chepesi kuliko hicho, wala kilichonipa heshima kubwa zaidi mtaani. Wanaume ambao miaka yote walinipita kimya walianza kunipa mkono nje ya msikiti.

Wakati huo mama yangu, anayekaa Muyinga kwa dada yangu, alianza kulalamikia jicho la kushoto. Daktari wa macho hapa Gitega alikuwa amempima safari iliyopita na kutuonya kwamba presha ya jicho haisubiri. Mabasi ya Muyinga yalikuwa yamesimama, na kwa pikipiki asingeweza, mgongo wake haukubali. Nilikuwa na gari kuukuu. Nikaliandikisha kama mtu mwingine yeyote.

"Zamu yako ni lini?" mama aliniuliza kwenye simu.

"Wiki ijayo, inshallah. Niko karibu."

"Sawa, mi nangoja. We usigombane na watu wa kazi juu yangu."

Wiki ikapita. Nikatazama namba yangu, nikakuta imerudi nyuma. Nilidhani ni kosa langu. Nilikaa siku nzima nikisoma nilichoandika, natafuta mahali nilipohesabu vibaya, na nilitamani sana nilipate hilo kosa, maana la kwangu ningelirekebisha. Sikulipata. Nilichokuta ni sehemu ndogo iliyoongezwa na mtu mwingine, safi, imeandikwa vizuri kuliko yangu. Gari likiwekewa alama fulani linapanda mpaka juu ya wote. Na yenye alama yalikuwa mengi.

Nikaenda kwa shefu, mkubwa wetu wa ofisi.

"Shefu, kuna magari yanapita mbele."

"Najua. Nilimwambia mwenzako aiweke hiyo kitu ulipokuwa msibani Bugendana."

"Magari ya nani?"

Aliinuka akafunga mlango kwanza. "Nilipigiwa simu kutoka juu. We ungepigiwa, ungesema nini?"

Majibu niliyapata baadaye nikitembea kurudi nyumbani, mengi na makali, na yote yalikuwa ya mtu asiye na watoto wa kulisha. Shefu si mtu mbaya. Nilipomweleza habari ya jicho aliniangalia kwa huruma ya kweli, akasema, "Mama ni mama. Weka alama kwenye gari yako, mi sijaona."

Niliiweka. Wala sikusita. Lori lililofuata lilikwisha kabla hata wenye alama hawajamalizika, kwa sababu sasa nao walikuwa na foleni yao, na ndani ya foleni hiyo walikuwamo wengine wa kupita mbele. Nilikuwa nimesomea kazi hii nikiamini kwamba kompyuta haijui mkubwa wala mdogo. Ni kweli, haijui. Anayewajua ni yule anayeiambia.

Dada alipopiga simu kusema mama anajigonga kwenye milango, niliifungua programu nikaitazama namba yangu tena.

Kisha programu ikasifiwa kwa wakubwa, na ofisi ikaamriwa kuipeleka miji mingine. Muyinga ulikuwa mmojawapo. Wakanipa gari la kazi, tangi limejaa, na dereva. Tukapita Karuzi barabara tupu, tunapishana na watu wa baiskeli tu, mimi niko kiti cha mbele kama waziri.

Wenye vituo wa Muyinga walinipigia makofi. Nilipomaliza nikaenda kwa dada. Mama aligeuza uso kuifuata sauti yangu.

"Umepata mafuta?"

"Ni ya kazi, mama."

"Alhamdulillah. Nilijua hiyo kazi itatufaa."

Dereva alikubali kurudi naye bila kuuliza. Njia nzima mama alituhadithia habari za harusi yake na marehemu baba, akacheka, nasi tukacheka.

Daktari alimulika jicho, akanieleza kwa Kifaransa, polepole, akiniangalia mimi peke yangu. Tulipotoka nje mama alinishika mkono.

"Amesema nini?"

"La kushoto limekwisha. Tutunze la kulia. Amesema tumechelewa."

"Tumechelewa namna gani? Si tulikuwa kwenye zamu?"

"Tulikuwa, mama."

Tukaenda kutafuta matone ya jicho la kulia. Duka la dawa la kwanza hayakuwapo. La pili walisema nao wanangoja gari lao litoke Bujumbura.