Barakoa mbili, makarasha na sauti yangu inayokatika

Mwangaluka wakuu. Kwa msiojua, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Hapa sipigi kamba, yamenikuta mwenyewe na bado sijatoka.

Nafundisha darasa la kwanza, shule moja pembeni kidogo ya Kahama. Nyuma ya uzio wetu kuna makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Zinaunguruma kutwa, na vumbi linaingia mpaka kwenye boksi la chaki.

Walimu tulikohoa hadi mwalimu mkuu akaagiza wote tuvae barakoa. Wazo zuri, silipingi. Mimi kwa ujuaji wangu nikavaa mbili, ya dukani ndani, ya kitenge juu.

Sasa nina watoto tisini na kitu. Wengi nyumbani kwao ni Kisukuma tu, Kiswahili wanakipata kwangu, na herufi mtoto anaiangalia mdomoni kwa mwalimu.

Mdomo umefunikwa, karasha linaunguruma. Ikabaki kupaza sauti, ba be bi bo bu, asubuhi mpaka mchana.

Wiki ya tatu sauti ikaanza kukwaruza. Nikatafuna tangawizi mbichi, nikasukutua maji ya chumvi. Wiki ya tano, ikifika saa nne sauti hakuna.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuondolewa darasani, na zaidi niliogopa jibu la hospitali, maana baba yangu mdogo alianza hivihivi, sauti kukauka, na mwaka hakuumaliza.

Nikawa nafundisha kwa kunong'ona, nikiamini naipumzisha.

Wakuu, darasa la kwanza wanafuatisha kila kitu. Nikinong'ona, watoto tisini wananong'ona. Mwalimu mkuu alipita dirishani akadhani wako kwenye mtihani. Alipoingia akaniuliza kulikoni, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mwalimu, kesho sitaki kukuona hapa. Nenda hospitali," akasema.

Shinyanga mjini daktari akanipitishia kamera puani. Dakika zile nilishajizika. Akasema si saratani, ni vinundu kwenye nyuzi za sauti, vimetokana na kupaza sauti muda mrefu.

"Na huko kunong'ona kwa kujikamua ndiko kumezidi kukuumiza," akaniambia.

Nikae kimya wiki mbili, kisha nianze kuongea kidogo kidogo, halafu nirudi aangalie. Visipopungua, huenda nikapasuliwa.

Nimekuwa bubu wiki mbili. Mke wangu anasema nyumba haijawahi kuwa na amani kiasi kile. Mimi usingizi sikuupata.

Jumatatu nimerudi kazini na barakoa moja. Nikaanza kuita mahudhurio polepole. Jina la saba, sauti ikakatika. Nimesimama na daftari mkononi.

Kumbe majina wanayajua kwa mpangilio. Binti wa dawati la mbele akaita la nane, mwenye jina akaitika "nipo", wakaendelea kuitana hadi wa mwisho. Mimi naweka tiki tu. Nililia, sioni aibu kusema.

Walimu wenzangu, barakoa vaeni, vumbi hili si la mchezo. Ila msishindane na karasha, wasogeleeni watoto, wagaweni makundi. Na sauti ikikwaruza wiki mbili, mkapimwe, tangawizi si daktari.

Ijumaa narudi kwenye kamera. Aliyewahi kuwa na vinundu aniambie ukweli bila kunipaka mafuta: sauti yako ilirudi?