Mshauri Aliyepewa Ruhusa Mpaka Saa Nne

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo kikuu ilikuwa katika kampuni ndogo ya mbegu mjini Bungoma. Nilizunguka kwa wakulima, leo upande wa Myanga, kesho upande wa Kwanza, nikipima mahindi ya majaribio. Kwenye mkataba niliitwa mshauri. Neno hilo lilinipendeza, na nyumbani kwetu Tuwan, Kitale, mama alilipenda hata zaidi. Aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba kijana wake hajaajiriwa na mtu, yeye hushauri.

Sikujua kwamba kwa watu wa kodi neno hilo lilinifanya mfanyabiashara. Mwajiriwa hukatwa kodi na mwajiri kabla mshahara haujamfikia. Mimi nilikuwa nikikatwa asilimia tano tu, nikadhani yameisha hapo. Mwaka wa pili ofisi ya kodi ikanidai yote yaliyobaki, pamoja na faini ya kuchelewa.

Nilipomweleza baba, alisema tutauza ng'ombe. Tulikuwa na mmoja tu wa maziwa, na maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha dada yangu sekondari. Baba hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, maana nilijiona nimemtoa dada shuleni kwa sababu ya cheo nilichojivunia.

Nikamwomba asubiri kwanza nikajieleze. Asubuhi ya kwenda ofisi ya kodi nilifunga tai, nikaifungua. Nikienda nayo wataniona tajiri, nikienda bila tai wataniona sina heshima. Mwishowe niliitia mfukoni.

Afisa aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mpole, lakini hakuwa na muda wa kupoteza. Aliniuliza ni nani huamua niende wapi kila siku, na kama ninaweza kumtuma mtu mwingine afanye kazi yangu. Kila swali nilimjibu kwa maelezo marefu, nikihofia kusema uongo bila kukusudia. Alipouliza kuhusu pikipiki nilianza na habari za petroli, za matengenezo, na za siku ile niliponunua plagi kwa pesa zangu.

"Kijana," akasema, "nimekuuliza pikipiki ni ya nani."

"Ya kampuni."

"Basi sema ya kampuni."

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa bosi. Nisipoipokea nitamkosea yeye, nikiipokea nitamkosea huyu mama. Akanipa ishara niipokee. Bosi wangu huongea kwenye simu kana kwamba haamini waya zitafikisha sauti, kwa hiyo foleni nzima ilimsikia.

"Uko wapi wewe? Si nilikupa ruhusa mpaka saa nne? Sasa ni saa ngapi? Hiyo mahindi ya Myanga itajipima? Na ile koti ya kampuni, ati ulienda nayo?"

Nikamwomba radhi, nikakata. Yule mama akauliza huyo alikuwa nani. Nikakumbuka maneno ya mkataba, nikajibu, "Ni mteja wangu."

"Mteja wako amekupa ruhusa?"

Mzee aliyekuwa nyuma yangu akacheka. Yule mama akacheka pia, halafu akaniambia taratibu, "Wewe umeajiriwa, mwanangu. Hiyo kodi alipaswa kukukata yeye kila mwezi. Deni lako nalisimamisha kwanza, yeye ndiye atakayetueleza."

Nilitoka na hofu nyingine: sasa nitafutwa kazi. Bosi alipoitwa kwenye ofisi hiyo alirudi amenuna, akaniuliza kama nilidhani yeye ni mwizi. Nikamjibu hapana, na nilimaanisha. Mkataba ule aliuiga kwa rafiki yake, bila kufikiri sana, kama nilivyousaini mimi. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akaniita, akaniambia kampuni italipa, na kuanzia mwezi huo nitakatwa kama wenzangu. Mshahara ulioingia ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, na sijawahi kufurahia pesa kama zile. Ng'ombe alibaki zizini, dada akarudi shule muhula ulipofunguliwa. Mpaka leo namshukuru bosi yule, kwa sababu angeweza kunifukuza na hakuna ambaye angemuuliza.

Yule mama nilitaka kumpelekea kuku. Nikawaza: kuku kwa afisa wa kodi si rushwa? Na ndizi je? Niliwaza hivyo karibu mwezi mzima, kisha nikaenda mikono mitupu. Nilipanga foleni kama wengine. Zamu yangu ilipofika hakunikumbuka. Akaniuliza shida yangu ni nini.

Nikamwambia sina shida, nimekuja kusema asante.

Alinitazama, akawatazama watu waliokuwa nyuma yangu. "Haya, shukuru basi," akasema, akitabasamu, "lakini shukuru haraka."